Barua kwa mwanangu anayetengeneza marashi ya gari

Assalam aleykum mwanangu,

Mzigo wako tumeupata salama. Mama yako alizifungua chupa zote siku hiyohiyo akazinusa moja moja, mimi nikasubiri kwanza, nikawagawia madereva ninaowaamini pale stendi ya Kange na jirani yetu mwenye Noah, nikawaacha wakae nazo ndo nikuandikie, mana sikutaka nikusifie tu kwakuwa ni mwanangu.

Sasa nakusifia kwa haki. Ile ya mchaichai na karafuu ni nzuri kweli, inanukia kwetu, hainukii dukani, na ushukuru Mungu umeanza na kitu ambacho pua za watu wa pwani tayari zinakijua.

Ila nataka ulishike hili mama: wewe unamtengenezea mtu anayeshinda ndani ya gari. Ukiwa Dar unapima mezani feni linazunguka, shoga yako ananusa mara moja anasema hii kali sana nzuri. Dereva yeye anaanza nayo alfajiri Tanga, Segera, Chalinze, anaingia nayo kwenye foleni ya Kibaha jua la saa saba, na nyuma kuna mama mjamzito, kuna mtoto, kuna mwenye pumu. Nimeendesha basi miaka mingi, harufu tamu ya vanila ikikutana na joto na dizeli abiria wanaanza kuomba mifuko. Kwahiyo ile yako ya vanila wote walioijaribu wameishusha, na wawili wakasema kichwa kinauma. Usiipunguze bei, ipunguze ukali, au iache kabisa.

Alafu kuna jambo la pua. Mtu akikaa na harufu moja kwa muda mfupi tu pua inaizoea, haisikii tena, ndo mana dereva atakupigia simu kesho yake anakwambia imeisha na chupa bado imejaa. Usimuulize dereva, muulize abiria anapoingia. Na usitegemee maneno peke yake, nunua ule mzani mdogo wa dijitali wa jikoni unaosoma mpaka nukta za gramu, pima chupa kila asubuhi uandike kwenye daftari imepungua gramu ngapi, moja iwe kwenye gari iliyofungwa juani, nyingine kwenye gari ya vioo wazi. Hapo utajua inadumu wiki ngapi na ndo utaandika kwenye lebo kitu unachoweza kukitetea. Ukibadilisha mchanganyiko badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ukibadilisha mafuta na kifuniko pamoja hutojua kipi kimekuharibia.

Joto la gari usilichukulie kama joto la chumba. Nje ikiwa nyuzi 32, gari iliyofungwa juani inapita 50 ndani ya saa moja, na dashibodi inapanda zaidi ya hapo. Kwahiyo spiriti iache, inashika moto upesi na inaruka yote mapema, tumia kile kimiminika cha kuchanganyia mafuta wanachokiita DPG ambacho kinaruka hewani taratibu, na chupa usiijaze mpaka shingoni mana mafuta yakipata moto yanatanuka yanatafuta pa kutokea. Limau na chungwa ndo zinaondoka za kwanza, udi na sandali na karafuu zinabaki, so usiuze kwa harufu ya siku ya kwanza, nusa chupa ya wiki ya pili ndo ujue unauza nini.

Sasa kubwa kuliko yote. Chupa moja ilivuja kwa jirani, kile kifuniko cha mbao kililowa, tone likaanguka kwenye dashibodi likaacha doa jeupe na plastiki ikalainika, haifutiki. Ni mafuta ya karafuu yale, ndani yake kuna kemikali ya eujenoli nyingi sana na inakula plastiki na rangi, na kwenye ngozi inawasha watu wengine. Jirani hajakasirika, nimeongea nae, ila mteja atakaenunua kwa pesa yake atakasirika na atakuwa sahihi. Weka kizibo cha ndani chini ya ule mbao, andika kwenye lebo chupa isigeuzwe kulowesha mbao zaidi ya sekunde chache, isigusane na dashibodi, iwe mbali na watoto. Kamba nayo fupisha, inaning'inia mpaka inamziba dereva barabara. Na anaekuuzia mafuta mwambie akupe ile karatasi ya usalama, SDS, asiekuwa nayo mpite hata kama bei yake nzuri.

Karafuu yenyewe usinunue kwa mtu wa mlangoni. Za Unguja na Pemba zinanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na mafuta yanakamuliwa kwenye kile kiwanda cha makonyo, yani vikonyo vya karafuu, pale Wawi, Chake Chake. Anzia huko, upate risiti.

Kuhusu ule mchoro wa mti ulionitumia, hapana mwanangu. Umbo lile ni la Little Trees, zile kadi za harufu za kutundika garini, lina wenyewe. Yule mkemia Julius Sämann alilitoa Watertown, New York, mwaka 1952, inasemekana dereva wa gari la maziwa alimlalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika, na kampuni yake mpaka leo inalilinda umbo lile mahakamani. Cha kujifunza kwake ni kingine, kwamba alianza na shida ya dereva mmoja, na kwamba ile nailoni yake unaifungua kidogo kidogo kila wiki ili harufu isitoke yote. Wewe chora jani la mchaichai, lisajili BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, mana kusajili jina la biashara peke yake hakukulindii nembo, na Zanzibar usajili wake ni wa kivyake. Nenda na SIDO, wale wa viwanda vidogo, wakushike mkono, na TBS, wale wa viwango, waulize mapema kabla hujachapisha lebo nyingi.

Hesabu: chupa ya mililita 10, mafuta asilimia 20, ni mililita 2 kila chupa, lita moja inakupa chupa 500 kama hamna kinachomwagika. Weka humo chupa, mbao, kamba, lebo, nauli, na zile zitakazovuja, na mshahara wako pia uuweke, usijifanyie kazi bure.

Kuuza anzia wanapoosha magari. Kapeti ikiwa na unyevu na dagaa wa jana, marashi juu yake yanaongeza kero tu, lakini gari likitoka kuoshwa limekauka mwenye gari anataka linukie na hela anayo mkononi.

Zile zilizobaki zisizovuja bado ziko magarini, nitakupa majibu Ijumaa. Nitumie za mchaichai zilizopunguzwa ukali zenye kizibo kipya, nyingi kidogo, madereva wa Lushoto wameziulizia. Mama yako anasema umpigie leo usiku, anataka kukwambia habari ya langilangi.

Baba yako