Mwanangu, tazama saa

Mwanangu,

Salamu tumeshapeana kwenye simu. Hii ya kiharusi nimekuandikia uibandike jikoni kwa bibi yako, maana sasa ni wewe unayelala naye, na presha yake unaijua.

Babu yako alivyopooza ulikuwa mdogo. Tulikuwa barazani baada ya magharibi, anakunywa kahawa, kikombe kikamponyoka. Tukacheka, tukasema uzee huo. Akataka kujibu, neno likatoka kama la mtu mwenye tonge mdomoni. Shangazi yako akasema ni upepo mbaya. Mimi, mjuaji, nikamkanda kwa mafuta ya habasoda, tukamlaza, asubuhi tutaona. Asubuhi mdomo umekwenda upande, mguu wa kulia hauinuki.

Hospitali daktari aliuliza jambo moja: "Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi?" Tukatazamana. Nikasema labda saa moja usiku. Akainua macho kwenye saa ya ukutani, saa tatu asubuhi, akanyamaza.

Baadaye ndipo nikaelewa. Kiharusi ni mshipa wa kichwani umeziba kwa damu iliyoganda, au umepasuka. Ukiziba ipo dawa ya kuyeyusha lile bonge, ila hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ndani ya kichwa, CT scan. Sisi tulifika saa 14 zimepita.

Kwa hiyo ukimwona bibi amebadilika ghafla, mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja umelegea. Anyooshe mikono yote miwili mbele, afumbe macho. Je, mmoja unashuka? Mwambie akuite lile jina refu analokuitia akikasirika, usikilize kama linatoka sawa. Kimoja tu kikikataa, tazama saa, andika, ondokeni. Hata kama dakika kumi baadaye amerudi kuwa sawa, nendeni. Hilo najua atalibishia.

Usimpe uji, maji wala vidonge vyake, koo huenda halimezi na vitaingia kwenye mapafu. Akilegea mlaze ubavu. Jirani atakuja na aspirini, kwa nia njema kabisa, kataa. Kama mshipa umepasuka, aspirini inazidisha kuvuja, na kwa macho hakuna ajuaye ni upi. Wa kukanda na wa kusoma dua wasikucheleweshe. Dua isomwe njiani.

Zahanati ya hapo mtaani mnaipita tu, msisimame. Kesho nenda hospitali ya mkoa, uulize kama mashine yao ya CT scan inafanya kazi na usiku. Uliza kwa mdomo wako, usiambiwe na mtu.

Nauli nimeiweka kwenye kopo la majani ya chai, lile la juu, si la chini. Pikipiki hapana, hataweza kujishika. Yule kijana wa bajaji anayelaza chombo chake karibu na msikiti, mwulize kama hupokea simu usiku wa manane.

Mama yako