Hizo mbili sikuzishika mimi, nilikabidhiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu methali moja. Tuliporudi shuleni Julai, matokeo ya muhula wa kwanza yalisomwa paredi, na mimi nilikuwa nimetoka nafasi ya 4 nimefika ya 23. Mwalimu aliyekuwa akisoma alitikisa kichwa, akasema, "Mshika mbili moja humponyoka." Paredi nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana dada mkuu halii mbele ya wanafunzi wake.

Na wala si mbili, ni tatu. Niko kidato cha nne katika shule ya bweni mkoani Tanga, ni mfungaji wa timu ya netiboli, na ndiye huyo dada mkuu. Netiboli niliipenda mwenyewe tangu shule ya msingi. Cheo sikukiomba. Walimu waliliongeza jina langu kwenye orodha ya wagombea kwa sababu, nilivyoambiwa, "wewe mchezaji, wenzio wanakusikiliza." Nilifanya kampeni siku mbili, kura zikatosha, nikapewa filimbi na ufunguo wa stoo ya mafagio.

Saa kumi na nusu alfajiri nagonga kengele, ambayo ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe. Nazunguka mabwenini kuamsha watu, kisha nagawa mafagio huku nikiyahesabu, kwani yakipungua naulizwa mimi. Mchakamchaka, usafi, paredi, vipindi. Saa kumi jioni niko uwanjani. Saa kumi na mbili nasimamia foleni ya chakula na vumbi langu miguuni, na kwa kuwa msimamizi hula mwisho, mara nyingi maharage nayakuta yamebaki mchuzi. Prepo, muda wa kujisomea usiku, inaanza saa moja na nusu. Hapo ndipo mwalimu wa zamu huniita niandike majina ya wachelewaji. Nikija kukaa kitini, saa tatu inanukia. Daftari langu la Kemia lina ukurasa ambao mwandiko unaanza vizuri, unapinda, halafu unageuka mstari mmoja mrefu ulioteremka hadi ukingoni mwa karatasi. Hapo ndipo nilipolala.

Kisha ikaja UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Tulianza ngazi ya kata, tukapanda wilaya, na kutoka hapo nikachaguliwa timu ya mkoa. Kambi ya mkoa iliangukia Juni, wakati wenzangu wa kidato cha nne wamebaki shuleni kwa masomo ya ziada. Niliporudi walikuwa wamemaliza vekta na wako katikati ya matrisi. Nilipomwendea mwalimu wa Hisabati aliniambia nimuulize mwenzangu. Nashukuru mwenzangu huyo ninaye: siku zote nilizokuwa kambini aliweka karatasi ya kaboni chini ya ukurasa wake, akanitunzia nakala ya kila alichoandika. Zimefifia na zinachafua vidole, lakini nimezisoma zote.

Kilichonishangaza kambini ni kitu kingine. Wale wote wenye filimbi shingoni walikuwa walimu wa madarasani! Kocha wetu anafundisha Fizikia kwenye shule yake. Wa mpira wa mikono anafundisha Hisabati, na mama aliyekuwa matroni wetu ni mwalimu wa Kiingereza. Tulilala nao madarasa ya jirani, madarasa yenye ubao, na baada ya chakula cha usiku tulikuwa na karibu saa mbili za kucheza karata na kuimba hadi taa zizimwe. Hakuna aliyewahi kushika chaki. Siwalaumu, hakuna aliyewaagiza. Lakini wadogo zetu wa shule za msingi wana UMITASHUMTA, Umoja wa Michezo na Taaluma, na taaluma imo kwenye jina lenyewe. Sisi wa sekondari hata kwenye jina haimo. TA yetu ni ya Tanzania tu.

Baada ya yale matokeo niliitwa ofisini mara tatu ndani ya wiki moja. Mwalimu wa taaluma aliniambia niache netiboli mpaka Novemba nimalize mtihani wa taifa. Mwalimu wa michezo akasema nikiacha, timu imekufa. Mwalimu wa nidhamu yeye alilalamika kwamba mabweni siku hizi yanachelewa kuamka. Walimu hawa watatu wanakaa ofisi moja, meza zao zinagusana, na kila mmoja alizungumza kana kwamba mimi ni wake peke yake.

Najua wapo watakaosema dawa ni kufuta michezo. Mwalimu wetu mmoja husimulia kuwa serikali iliwahi kuisimamisha michezo mashuleni, na uwanja wa shule aliyokuwa akifundisha ukalimwa mahindi. Baadaye ikarudishwa, magoli yakasimikwa upya. Halafu ikifika zamu ya kushangilia, tunashangilia sote. Oktoba 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya soka, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, wiki chache kabla ya mtihani wa Novemba wa kidato cha nne. Nilikuwa kidato cha kwanza, tulipiga kelele hadi sauti zikakauka. Sikumsikia mtu akiuliza wale dada wanaosoma madaftari yao yako wapi.

Ninachoomba, Mhariri, hakihitaji bajeti. Mchezaji anapoitwa kambini, mwalimu wa taaluma ampe karatasi yenye mada zitakazofundishwa asipokuwepo, na kambini itengwe saa moja ya kusoma kila usiku, kwa kuwa walimu wako pale pale. Mwanafunzi aliyeko timu ya wilaya na kuendelea asibebeshwe ukaka mkuu wala udada mkuu mwaka huohuo, au kama lazima, msaidizi wake awe na madaraka kamili. La mwisho ndilo gumu: walimu wa michezo, taaluma na nidhamu wakae mara moja kwa mwezi na majina ya wanafunzi wao wa aina yangu, wahesabu saa.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Wiki iliyopita nilimkabidhi msaidizi wangu prepo yote ya Jumatatu hadi Alhamisi, na nilimweleza mwalimu wa zamu kwa adabu kwamba muda huo mimi ni mwanafunzi. Alininyamazia kidogo, kisha akaniuliza kama ufunguo wa stoo nao nimeukabidhi. Bado ninao.

Dada Mkuu,
Kidato cha Nne, Tanga