Mangi, kivuli cha mpira kwanza, 4K baadaye

Sakina, Arusha

Mangi wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Wazee wa hapo nyumbani wafikishie shikamoo zangu.

Hoja yako nimeisoma mara mbili. Unasema magemu ya kutikisa mkono, yale ambayo pedi inausoma mwendo wa mkono wako, yanayokuja yatayafuta ya zamani kwa sababu sasa yanatoka kwa 4K, picha ya vitone vingi sana, na kwamba ukishanunua mashine mpya na TV kubwa kwa ajili ya kile chumba cha mbele pale Majengo, kazi imekwisha. Nakubishia, tena kwa nguvu, maana fedha ni yako na sitaki iende bure. Kwenye gemu la pedi ya kawaida unaweza kutenganisha uzuri wa picha na utamu wa kucheza, ukavijadili kila kimoja peke yake. Gemu la mkono halikuruhusu, kwa sababu jicho ndilo linalouongoza mkono. Kwa hiyo kabla ya kuuliza skrini ina vitone vingapi, uliza ni muda gani unapita tangu mkono usogee hadi picha isogee.

Piga hesabu. Gemu likitoa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, kila fremu inakaa milisekunde 33 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde). Kwa fremu 60 ni karibu 17, kwa 120 ni kama 8. Katika muda huohuo mashine inatakiwa isome pedi, ijue mpira uko wapi, kisha ichore kila kitu. Ukiibebesha 4K, ambayo vitone vyake ni mara nne ya 1080p (ile Full HD), lazima kuna kitu kitapunguzwa, na mara nyingi ni fremu. Switch 2, mashine ya Nintendo iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, inakuonyesha mizani hiyo waziwazi: ikiwa imechomekwa kwenye TV inafika 4K kwa fremu 60, lakini ukitaka fremu 120 unashuka hadi 1440p au 1080p. Metroid Prime 4: Beyond, gemu la kufyatua la Desemba 2025, kwenye mashine hiyo linamwachia mchezaji achague mwenyewe, 4K kwa 60 au 1080p kwa 120. Kama unalenga kwa kuzungusha pedi, chukua 120 wala usisite.

Ushahidi mzuri zaidi ni Skyward Sword, gemu la upanga la Zelda. Ilipotoka kwenye Wii, mashine ya zamani ya Nintendo, mwaka 2011 ilikuwa ya fremu 30 kwa 480p. Iliporudi kwenye Switch ya kwanza mwaka 2021, kwa jina la Skyward Sword HD, ikawa ya fremu 60. Hadithi ni ileile, upanga ni uleule, ila sasa unaitika mkono upesi zaidi. Vitone navyo viliongezeka, sikatai, lakini mkono hauhisi vitone.

Halafu kuna TV, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua. TV nyingi za bei nafuu zinapokea 60 Hz tu, yaani picha 60 kwa sekunde, na za inchi 32 mara nyingi kioo chake ni 1366 kwa 768. Ukiichomeka mashine ya 4K hapo umenunua jina tu. Baya zaidi, TV inaipokea picha, inailainisha na kuiongezea rangi kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inaweza kula muda mrefu kuliko gemu lenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua palipoandikwa Game, kisha zima kila kinachodai kulainisha mwendo. TV ambayo haina sehemu hiyo, jaribu kulibadilisha jina la tundu la HDMI liwe PC. Kwenye baadhi ya TV hilo peke yake linapunguza uchelewaji.

Usiniamini kwa maneno, pima. Tafuta simu yenye kurekodi polepole kwa fremu 240 kwa sekunde. Mchezaji asimame pembeni ya TV, pedi na skrini vionekane pamoja kwenye simu. Apige pigo moja la ghafla. Kisha ifungue video fremu moja moja, uhesabu kuanzia mkono ulipoanza kusogea hadi picha ilipoanza kusogea. Kila fremu ni milisekunde 4 na ushee, kwa hiyo fremu 24 ni milisekunde 100. Rudia mara tano, maana kipimo kimoja kinadanganya, na ufanye kabla na baada ya kubadilisha mipangilio ya TV. Kwenye gemu la upanga au la ngoma, milisekunde 100 ni nyingi mno. Kwenye bolingi hutazihisi.

Nisikuonee lakini, kuna picha ninazozitetea hadi mwisho. TV ni bapa, haina kina. Mkono unajua mpira uko karibu au mbali kwa vitu vitatu: kivuli chake chini, jinsi unavyokua unapokuja, na mistari ya uwanja. Tazama Wii Sports ya mwaka 2006. Wachezaji wake wa tenisi hawana mikono, viganja vinaelea tu kama vidonge, lakini kivuli cha mpira wa tenisi unakiona hata ukiwa nyuma ya chumba. Zimetoka nakala zaidi ya milioni 82, nyingi zikiwa zimefungwa pamoja na mashine yenyewe, na hadi leo ukimpa mtu rimoti anajua la kufanya. Ndiyo maana ukitazama tangazo la gemu linalokuja, yaache maji na nywele. Tafuta kivuli. Tafuta pia cheche na moshi: kama kila pigo linafuatwa na mlipuko wa rangi unaoufunika mpira, mchezaji atakuwa anapiga gizani. Na ukungu wa mwendo, ule wanaoongeza ili picha ifanane na sinema, kwenye gemu la mkono ni adui.

Kingine cha kutazama kwenye matangazo: je, mchezaji na skrini yake wanaonekana pamoja bila kukatwa? Tangazo linalorukaruka, mkono kwanza, skrini baadaye, halikuonyeshi uchelewaji wowote. Itazame video hiyo kwa 1080p60, yaani 1080p ya fremu 60, si kwa ile inayochaguliwa yenyewe ili kuokoa bando, la sivyo utalihukumu gemu la fremu 60 kwa video ya fremu 30.

Uliuliza kwa nini mshale wa kulengea kwenye skrini unahama wenyewe pembeni. Ndani ya pedi kuna vihisi viwili. Jairoskopu inapima kasi ya kuzunguka, haipimi pedi imeelekea wapi. Mashine inaijumlisha kasi hiyo kidogo kidogo ili ikadirie mwelekeo, na kila kosa dogo nalo linajumlishwa humohumo. Akselerometa inahisi mvutano wa dunia, kwa hiyo inajua chini ni wapi, na inaisahihisha jairoskopu pedi inapoinama au kulala ubavu. Ila ukigeuza pedi kushoto au kulia, chini inabaki palepale, na akselerometa haina la kusema. Ndiyo sababu mshale unasafiri kwenda pembeni kuliko kupanda au kushuka. Wii ilikuwa na dawa: kamera ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kwenye pua ya rimoti iliyotazama taa za kile kijiti kinachokaa juu au chini ya TV. Watu wanakiita kihisi, kumbe hakihisi chochote. Kinatoa mwanga tu pande zake mbili, na rimoti ndiyo inayoona. Kwa hiyo jua la dirishani, balbu ya waya au mng'ao kwenye kabati la vyombo la vioo vinaichanganya rimoti, na dawa yake ni pazia.

Joy-Con, zile pedi ndogo za Switch, hazilengi kwa njia hiyo. Zinategemea jairoskopu, kwa hiyo gemu linalomjali mchezaji lazima liwe na kitufe cha kuurudisha mshale katikati. Skyward Sword HD imekiweka kwenye Y. Gemu linalokuja likikosa kitufe cha namna hiyo, liache hata likiwa na picha nzuri namna gani. Na jairoskopu inabadilika na joto: pedi iliyolala kwenye baridi ya Julai itahama zaidi dakika za mwanzo. Ishike mkononi kwanza ipate joto, ivue kamba, ilaze juu ya meza ngumu iliyo sawa, ndipo uingie kwenye mipangilio ya pedi uisawazishe. Wanaosawazisha juu ya kochi au karibu na spika inayotetema wanaifundisha pedi kosa.

Mjadala wako wa uchezaji ulisahau kugawa mafungu. Kuna gemu linalosubiri mtikiso, na kuna gemu linaloufuata mkono. Tenisi ya Wii Sports ni ya kwanza: inasubiri utikise, kisha inacheza pigo, na kinachopimwa hasa ni wakati. Upanga wa Wii Sports Resort, uliokuja mwaka 2009 pamoja na MotionPlus iliyoongeza jairoskopu kwenye rimoti, ni wa pili. Kulijua gemu ni la aina gani, zungusha pedi polepole bila kupiga. Kifaa cha kwenye skrini kikizunguka nayo, linaufuata mkono. Usiidharau aina ya kwanza, maana inavumilia uchelewaji, na mgeni wa miaka sita au sitini anaielewa papo hapo. Kwa chumba chako, ambamo watu watabadilishana pedi siku nzima, ningeanza na hiyo.

Ile Kinect ya mtumba uliyoiona, kamera ya Xbox inayosoma mwili bila pedi, achana nayo. Kamera yake inachukua picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 33 zinaweza kupotea kabla gemu halijaanza kufikiri, na inataka mchezaji mmoja akae kama mita 1.8 kutoka kwenye kamera, wawili mita 2.4. Chumba cha futi kumi ni mita 3, toa sentimita 50 za meza ya TV, toa viti, utabaki unagonga ukuta kwa mgongo. Mlango ukifunguliwa jua likaingia, nayo inapotea, maana inatumia infraredi. Joy-Con zinahitaji tu mtu na mwenzake waachane kwa urefu wa mikono miwili, na kamba ivaliwe mkononi kila mara. Mwishoni mwa 2006 Nintendo ilibidi ibadilishe kamba za Wii kwa nene zaidi kwa sababu zilikuwa zinakatika na rimoti kuruka.

Kuhusu kununua, haraka haraka. Switch 2 iliyotengenezwa kwa soko la Japani peke yake inaongea Kijapani tu na inakubali akaunti za Japani tu, kwa hiyo soma boksi hata bei ikikuvutia. Kadi zilizoandikwa Game-Key hazina gemu ndani, zina ufunguo tu, na gemu lenyewe unalipakua kwa bando. Hapo ndipo zile picha nzito unazozisifia zinapokugeukia, maana gemu zito ni gigabaiti nyingi. Ukiangukia Wii ya mtumba kutoka Marekani, usichomeke adapta yake kwenye umeme wetu wa volti 230, yake ni ya 120 na itaungua. Tafuta ya 230 inayotoa volti 12 na ampea 3.7, na ukumbuke mashine hiyo itasoma diski za Marekani tu.

Kabla hujalipia TV yoyote, nenda na mashine ya kuazima na simu, upime palepale dukani. Niandikie namba mbili: fremu ulizohesabu, na mita kutoka usoni mwa TV hadi ukuta wa nyuma. Nikizipata nitakutajia gemu la kuanzia.

Wako,
rafiki yako wa Sakina