Gari la Kinyonga

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na nyingine uwafikishie wote hapo nyumbani. Mimi mzima, ila kiuno kinaniuma, na sababu yake utaicheka: Jumamosi kutwa nilikuwa nimechutama juu ya jabali, rimoti mkononi, nikilitazama gari la kilo tatu likijaribu kupanda mahali ambapo hata mbuzi angesita.

Ujumbe wako, ulioniandikia baada ya kuitazama ile video ya mashindano yetu, niliupata. Uliniuliza, na najua ulikuwa unacheka, kuna raha gani kwenye gari la rimoti linalopitwa na mtu anayetembea kwa miguu. Ukaliita gari la kinyonga, kisha mwishoni ukauliza, ukitaka kujaribu, uanze na lipi. Jina hilo nimelichukua, sikurudishii. Umewahi kumtazama kinyonga anavyovuka tawi? Ananyanyua mguu, anayumba mbele, anayumba nyuma, anapima, ndipo anakanyaga. Basi ndivyo hasa. Ulidhani umenikejeli, kumbe umenisifu.

Wewe umezoea magari ya mbio, ya kukata kona vumbi likitimka, na sijasahau siku ulipolirusha la kwako likatua bodi huku, betri kule. Kwenye mbio unafanya mambo kumi ndani ya sekunde moja. Huku kwetu jambo moja unalifanya dakika nzima, na watu kumi wamekukodolea macho kidole. Jaribu uone lipi linatoa jasho.

Njia hupangwa asubuhi na mtu ambaye siku hiyo hashindani. Anapita kwenye majabali akisimika vijiti viwiliviwili. Kila jozi ni geti, na upana wake umelizidi gari kwa vidole viwili vitatu tu. Mageti kumi, dakika nane. Ukivuka geti, unapunguziwa pointi; ukirudi nyuma, unaongezewa moja; ukigusa kijiti, kumi; gari likipinduka ukalisimamisha kwa mkono, kumi nyingine. Klabu nyingine zina hesabu zao, lakini kwetu mwenye pointi chache ndiye mshindi, kwa hiyo mabingwa humaliza chini ya sifuri, na kila mgeni siku ya kwanza hudhani ameongoza.

Kitu ambacho hukukiona kwenye video ni kwamba dereva anatembea pembeni ya gari lake. Unaruhusiwa kuzunguka, kuinama, hata kulala kifudifudi, mradi hugusi gari wala kijiti. Nusu ya mchezo iko miguuni mwako. Aliyesimama nyuma ya gari hawezi kuona tairi la mbele limekanyaga nini, na asipoona atakisia, na jabali halina huruma na mtu wa kukisia.

Geti la saba ndilo lililoniumbua. Jabali lenyewe limelala mshazari, lina ufa wa kuingia kidole gumba, na juu ya ufa kuna kishimo. Gari linatakiwa lipande limeegemea kushoto huku gurudumu la mbele la kulia likining'inia hewani. Nikalisogeza mpaka tairi la kushoto likagusa ukingo wa ufa. Likagoma. Nikapeleka usukani kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena, taratibu, nikawa naviona vijino vya tairi vikilipapasa jiwe: kimoja kikateleza, cha pili kikateleza, cha tatu kikanasa. Tairi likajikunja kama shavu la mtu aliyelalia kiganja. Gari likapanda sentimita mbili. Nikashusha pumzi, na walionizunguka nao wakashusha, niliwasikia.

Mshika saa akasema, "Dakika moja."

Basi kidole hiki kikabana. Kidogo tu, wallahi. Mota ikapata moto kwa mkupuo, na magari haya yenye ekseli nzima, kipande kimoja toka gurudumu hadi gurudumu, yana tabia moja: nguvu ya propela, ile fimbo inayozungusha ekseli, ikija ghafla, chasisi inajipinda upande mmoja. Gurudumu lililokuwa hewani likazidi kupaa, gari likainuka kwa adabu kabisa kama mtu anayempisha mzee kiti, likalala chali, kisha likabingirika mpaka miguuni pa mwamuzi. Pointi kumi. Na fimbo ya usukani imechomoka upande mmoja, kwa hiyo hata hizo sekunde zilizobaki nilizitumia kulitazama tu. Usiniletee ile methali ya haraka. Nimeshaambiwa na watu sita, mmoja wao ana miaka tisa, na ndiye aliyenishinda.

Mtoto huyo nataka umwone. Anakuja na babu yake, gari lake halina kitu cha ziada hata kimoja, liko kama lilivyotoka kwenye boksi. Lakini kaligundua jambo ambalo mimi limenichukua miaka miwili. Mimi nikikwama, naongeza moto. Yeye akikwama, anaachia. Ukiachia, mota yenyewe inageuka breki, magurudumu yanakaza papo hapo na gari linabaki limegandia jiwe kama kupe, hata kwenye mteremko mkali. Halibiringiki, haliteremki. Yeye huliacha hapo, akazunguka upande wa pili, akachutama, akatazama chini ya bampa, akarudi alikokuwa. Ndipo anagusa tena. Saa inakwenda na yeye hana habari nayo. Siku hiyo geti la saba alilivuka kwa sekunde 50, bila kurudi nyuma hata mara moja, na alipofika juu alijikuna pua.

Sasa nikwambie mambo ya ufundi, maana najua mikono inakuwasha.

Difu, kwanza. Kwenye gari lako la mbio difu inayaruhusu magurudumu ya pande mbili yapishane mwendo, ndiyo maana linakata kona vizuri. Huku hiyo ni balaa: gurudumu moja likiwa hewani, nguvu yote inakimbilia huko, lile lililokanyaga jiwe limetulia tu kama mgeni. Kwa hiyo difu zetu zimefungwa, mbele na nyuma, magurudumu yote manne yanazunguka pamoja. Kona linakata vibaya, sikufichi, linahitaji uwanja kama lori. Kuna yanayoondoa adha hiyo: TRX-4 ya Traxxas, iliyotoka mwaka 2017, unafunga na kufungua difu kwa rimoti, na ekseli zake zina gia pale kwenye magurudumu zinazolinyanyua tumbo la ekseli lisigonge mawe. Fundi ukiyafungua utafurahi, ingawa gia nyingi maana yake ni vitu vingi vya kuvunjika.

Mota nazo zihesabu kwa mizunguko ya waya. Zenu za mbio waya unazungushwa mara chache ili ziende kasi. Zetu ni mara 35, au 55 kwa wanaopenda utulivu kabisa. Waya ukizungushwa mara nyingi, kasi inashuka na nguvu ya kuondokea inaongezeka. Ukiongeza na gia za kupunguza mwendo, unapata gari linaloweza kusogea unene wa kucha na kusimama. Huo unene wa kucha ndio tunaougombania.

Halafu uzito. Utashangaa kuona watu wazima wakinunua vipande vya shaba ili gari liwe zito, baada ya wewe kukesha ukilipunguzia la kwako gramu. Lakini shaba hiyo inakwenda chini kabisa, kwenye ekseli na ndani ya rimu, na zaidi mbele kuliko nyuma. Betri nayo tunaihamishia mbele, juu ya ekseli ya usukani. Gari likisimamia mkia kwenye mpando, uzito wote unakimbilia nyuma. Kama pua ni nyepesi, linageuka chali. Nalenga kama asilimia 60 ya uzito iwe mbele. Na juu kuwe kwepesi! Hapa ndipo ninapogombana na nusu ya klabu. Wanapamba: ngazi, taa, kreti za mafuta, tairi la akiba juu ya keria, mpaka sanamu ya dereva mwenye kofia. Kwa picha inapendeza, nakiri, gari linakuwa kama la kweli lililotoka safari ya mbali. Kisha linapinduka kwenye jiwe ambalo wiki iliyopita lilikuwa linapanda likiimba. Bodi ya plastiki nyembamba, basi. Wao wananiona sina ladha.

Lakini kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua tairi. Mpira laini, ule ambao ukiubonyeza kwa ukucha unabaki na alama kwa muda. Hazijazwi upepo: ndani mna sponji, na kwenye rimu au tairi kuna tundu dogo la hewa kutoka ili tairi lijikunje. Usizigandishe kwa gundi kama zenu, tafuta rimu zinazobana tairi kwa skrubu, maana sponji utaibadilisha mara nyingi kuliko unavyodhani. Ikiwa ngumu mno, tairi linadunda juu ya jiwe. Ikiwa laini mno, gari linalala ubavu kila ukilipitisha mshazari. Mimi natumia yenye tabaka mbili, ngumu ndani, laini nje. Mwezi mzima nilihangaika na shokamzoba, nikabadilisha mafuta, nikabadilisha springi, kumbe kilichokuwa kikinisumbua ni sponji iliyolowa maji ikagandamana upande mmoja.

Mzee mmoja wa klabu, babu wa yule bingwa, hucheka akituona tukibishana hivi. Yeye alianza kabla kampuni hazijatengeneza magari ya kazi hii. Yeye na wenzake walichukua Clod Buster ya Tamiya, lile la magurudumu makubwa lililotoka mwaka 1987, lenye mota mbili, moja kwenye kila ekseli, na usukani mbele na nyuma; wakatupa bodi, wakatupa chasisi, wakabakiza ekseli na kuunda katikati kwa vyuma vya kujikatia wenyewe. Anayo moja bado. Ni mbaya kwa sura, inalia kama mashine ya kusaga, na inapita kwenye mageti mawili ambayo gari langu limeyashindwa. Siku moja nilimwomba anifundishe kuiendesha. Aliniambia nimtazame kwanza. Nikamtazama saa nzima, hakunipa.

Ofisi hatuna, wala jezi. Tuna kundi la simu, turubai moja, na boksi la vipuri ambalo kila mtu anachota na kila mtu anadaiwa. Masharti ni machache: mwenye eneo aombwe ruhusa kabla, jiwe lililosogezwa lirudishwe, mwamba wenye kuvu na mimea usipandwe kwa sababu tairi laini huing'oa kama brashi, na kila kipande cha plastiki kilichovunjika kiokotwe na mwenyewe. Mvua ikinyesha tunaendelea. Jiwe lililolowa ni mchezo mwingine kabisa.

Uliuliza uanze na lipi. Lililokamilika, usianze kwa kuunda. La ukubwa wa moja kwa kumi, yaani sehemu ya kumi ya gari la kweli, ndilo wengi wetu tunalo na vipuri vyake vinapatikana. Kama nafasi ni ndogo, kuna yale ya moja kwa ishirini na nne, kama SCX24 ya Axial, linakaa kiganjani; unapanga vitabu na viatu sakafuni ukazuiwa na usingizi tu. Betri ni lithiamu ya seli mbili, volti 7.4, na hapa naomba unisikilize kwa sababu najua unavyoziacha zako. Kila seli isishuke chini ya volti 3, na ukiiweka kabatini iache kwenye 3.8, isiwe imejaa wala imekauka. Mimi moja niliisahau ndani ya gari swichi ikiwa imewashwa. Nilipoifungua ilikuwa imevimba kama chura. Iliyovimba haichajiwi tena, hata ikikubembeleza.

Jumamosi ijayo zamu ya kupanga njia ni yangu, na geti la saba nitalirudisha palepale, kwa makusudi. Nitakuachia gari langu la zamani. Usukani wake unavuta kulia kidogo, utauzoea kabla ya geti la pili. Usilete viatu vya soli nyororo, usije ukabingirika wewe badala ya gari.

Na ile bisibisi yangu ya pembe sita, ya milimita 2, uliyoiazima kwa siku moja, njoo nayo. Fimbo ya usukani mpaka leo inaning'inia, inaisubiri.

Sahibu yako