Dirisha Limevunjwa, Mlango Umepigwa Teke: Namna ya Kuziba kwa Ubao Hadi Kioo Kipya Kifike

Kioo kikivunjika usiku, usikimbilie nyundo. Kwanza watoe watoto na wanyama chumbani, vaa viatu vyenye soli nene, washa taa zote. Kama ni wizi au vurugu, usiguse chochote mpaka polisi waone na waandike, kwa sababu hata kipande kilichobaki kwenye fremu kinaweza kuwa na alama za vidole. Piga picha za mbali zinazoonyesha ukuta mzima, kisha za karibu, ndani na nje. Kampuni ya bima itataka kuona hali ilivyokuwa kabla ya kuziba, na ubao ukishapanda nafasi hiyo imepita.

Ukitupigia simu sisi mafundi wa kuziba kwa ubao, tuambie upana na urefu wa uwazi wenyewe, fremu ni ya mbao, chuma, aluminiamu au plastiki, ni ghorofa ya ngapi, na kama kuna grili, iko ndani au nje. Majibu hayo ndiyo yanayoamua tubebe skrubu au bolti, ngazi ipi, na watu wangapi. Anayesema tu "dirisha kubwa" anaweza kusubiri safari mbili badala ya moja.

Kioo kilichovunjika ni cha aina gani

Swali hili ndilo linaloamua ubao ukae usiku mmoja au wiki tatu. Kioo cha kawaida hupasuka vipande virefu vyenye ncha kama visu. Fundi wa vioo anaweza kukikata kingine papo hapo dukani, kwa hiyo mara nyingi kesho yake kazi imekwisha. Kioo kilichopikwa kwa joto kali, ambacho mafundi hukiita tempa, humwagika chote kwa mpigo na kuwa punje ndogondogo zinazolingana na za mahindi. Hicho hakikatiki tena baada ya kupikwa. Ukikigusa kwa kisu cha kioo kinasambaratika. Lazima kitengenezwe kiwandani kwa kipimo chako, na hapo unazungumzia siku kadhaa au wiki. Ubao wa dirisha la namna hiyo uchague kana kwamba utakaa mwezi.

Kuna pia kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa na utando wa plastiki katikati, kama cha mbele ya gari. Kikipigwa hujaa nyufa lakini hubaki mahali pake. Kikiwa bado kimeshika kingo zote nne, mara nyingi hakihitaji ubao usiku huohuo. Ila kikianza kufanya tumbo au kuchomoka kwenye ukingo mmoja, usisimame chini yake. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo kioo cha milimita 10 chenye mita mbili za mraba ni kilo 50 zinazoanguka kwa pamoja.

Jambo moja kabla hujamshuku jirani: tempa huweza kupasuka chenyewe, bila kuguswa na mtu. Chembe ndogo sana ya nikeli salfaidi ikibaki ndani wakati wa utengenezaji, hupanuka polepole hata baada ya miaka, na siku moja kioo kizima kinamwagika. Ukiona vipande viwili vikubwa kidogo vilivyokaa pamoja kama mabawa ya kipepeo, na punje nyingine zote zikitawanyika kuanzia hapo, vipige picha na uvihifadhi. Hapo penye kipepeo ndipo mpasuko ulipoanzia.

Kuondoa vipande

Glavu ziwe za ngozi. Za kitambaa au za mpira mwembamba kioo kinazipita. Vaa miwani ya kinga na mikono mirefu. Anzia juu ushuke chini, daima. Vipande vilivyoning'inia juu ya fremu vimeshikwa na puti iliyozeeka au ukanda wa mpira tu, na mtikisiko wa drili unatosha kuviangusha. Anayeanzia chini anaweka kichwa na mikono yake chini ya panga.

Kabla ya kuvuta kipande kikubwa, kibandike tepu pana pande zote mbili ili kikikatika kisigawanyike hewani. Kishike kwa koleo karibu na fremu, kichezeshe mbele na nyuma mpaka puti iachie, usikipige nyundo kikarukia ndani. Sakafuni tumia ufagio na kizoleo, kisha pangusa kwa karatasi yenye unyevu unayoitupa. Kitambaa kikifuliwa hubaki na sindano za kioo ndani. Halafu zima taa, laza tochi sakafuni na uangalie usawa wa mwanga. Kila punje iliyobaki itang'aa. Vipande viingie kwenye boksi gumu lililoandikwa "KIOO", si kwenye mfuko wa takataka utakaomkata anayeubeba.

Kwenye fremu za aluminiamu na plastiki, angalia unachofagia. Chini ya kioo kuna vipande vidogo vya plastiki ambavyo kioo hukalia, na pembeni kuna kanda za mpira. Viweke kando kwenye mfuko. Tutavirudia mwishoni.

Ubao wenyewe

Tumia plaiwudi ya matumizi ya nje, ile ambayo gundi yake haiachii kwa maji. Dirisha dogo lisilofikia mita moja linatosheka na milimita 12. Mlango, dirisha la chini linalofikika kwa teke, na kioo cha mbele ya duka vinahitaji 18. Ubao wa chembe na ule wa unga wa mbao usiviweke nje kabisa. Mvua moja tu, kingo zinavimba na skrubu zinachomoka zikiwa zimebeba kipande cha ubao.

Shiti nzima ya plaiwudi ya milimita 1220 kwa 2440, unene wa 18, inaweza kupita kilo 30 na ina karibu mita tatu za mraba za kukamata upepo. Watu wawili, na kama upepo unavuma, ikate kwanza chini ndipo uipandishe.

Pima upana sehemu tatu na urefu sehemu tatu, kwa sababu uwazi ulionyooka kweli ni nadra. Kama ubao utaingia ndani ya uwazi, chukua kipimo kidogo kuliko vyote na upunguze milimita 5. Kama utafunika juu ya ukuta, ongeza milimita 120 kila upande. Hesabu hiyo ina maana yake: skrubu ya ukutani ikae milimita 80 kutoka ukingo wa uwazi, la sivyo tofali linamegeka, na ibaki 40 kutoka ukingo wa ubao, la sivyo ubao unapasuka. Kwa kipimo hicho shiti moja iliyosimama inafunika uwazi usiozidi milimita 980 kwa upana. Zaidi ya hapo ni shiti mbili, na pale zinapokutana pawe na mbao ya inchi 2 kwa 4 nyuma yake.

Namna ya kufunga

Misumari tunaikataa, hata mteja akisema ni ya usiku mmoja. Kila pigo la nyundo linatikisa vioo vya jirani vilivyo kwenye fremu ileile, na mwizi mwenye mtaimbo anang'oa ubao wa misumari kwa dakika moja. Skrubu haivutiki hivyo.

Kwenye fremu ya mbao iliyo nzima, skrubu za milimita 50 zinatosha kwa ubao wa 12, kila baada ya milimita 300. Kwenye ukuta, toboa kwa biti ya milimita 8, puliza vumbi litoke, ingiza fisha ya plastiki, kisha skrubu ya milimita 75. Urefu huo si wa bure: 18 ni ubao, karibu 20 ni lipu, na lipu haishiki kitu. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye tofali. Vumbi lisipotolewa, fisha inazunguka pamoja na skrubu, na utadhani umekaza kumbe umening'iniza.

Fremu ya aluminiamu au plastiki usiitoboe. Matundu hayo yatabaki hata kioo kipya kikishawekwa, maji yatapitia humo, na unaweza kujikuta unanunua fremu iliyokuwa nzima. Hapa tunabana kwa bolti. Ubao unakaa nje, mbao mbili za 2 kwa 4 zinalala ndani kwa mlalo, zikizidi uwazi kwa milimita 300 kila upande, moja robo kutoka juu na nyingine robo kutoka chini. Bolti mbili kwa kila mbao, za milimita 10, zenye kichwa cha duara kisicho na pa kushika spana, zinapita kutoka nje mahali kioo kilipokuwa. Nati na washa pana hukaa ndani. Urefu wa bolti ni unene wa ukuta pamoja na lipu, ongeza 18 za ubao, 50 za mbao, na 20 za washa na nati. Kaza mpaka ubao utulie ukutani, kisha acha. Ukizidisha, ubao unapinda kuelekea ndani na kingo zake zinainuka, na hapo ndipo mtaimbo unapoingia. Kama grili iko ndani, mbao zikae nyuma ya grili na bolti zipite kati ya nondo zake. Ukuta hautobolewi hata tundu moja.

Kioo cha mbele ya duka kinahitaji nguzo za 2 kwa 4 nyuma ya ubao kila baada ya milimita 600. Ubao mpana usio na nguzo unapigwa teke katikati, unanesa, na skrubu za pembeni zinachomoka zenyewe.

Watu wengi hutuuliza kuhusu kubandika tepu ya alama ya X kwenye kioo. Haiongezi nguvu ya kioo hata kidogo. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kinawaambia watu waache kupoteza muda nayo, maana kioo chenye X kikivunjika huruka vipande vikubwa zaidi. Tepu ina kazi moja tu: kushikilia kioo ambacho tayari kina ufa mpaka ubao ufike.

Mlango

Mlango uliopigwa teke mara nyingi wenyewe haukuvunjika. Kilichopasuka ni fremu, pale penye kibati ambamo ulimi wa kitasa huingia. Vibati hivyo mara nyingi hufungwa kwa skrubu za milimita 20, zinazoshika ganda la fremu tu. Usiufunike mlango kwa shiti nzima. Rudisha kipande cha fremu mahali pake kwa gundi ya mbao, juu yake weka bamba la chuma la milimita 300, na ulifunge kwa skrubu za milimita 100 zinazopita fremu na kuingia ukutani. Usiku huo mlango unafungika tena kwa ufunguo wake.

Ikiwa ubao wa mlango umepasuka kuzunguka kitasa, weka vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 12, ndani na nje, vinavyopita ufa kwa milimita 150 kila upande, na uvibane kwa bolti nne za milimita 8. Milango mingi ya ndani ni mitupu katikati, skrubu hazina cha kushika.

Mlango ukiwa umekwisha kabisa, jiulize kwanza: watu watatokea wapi moto ukiwaka? Kama ni njia pekee, haufungwi kwa ubao kwa hali yoyote. Tunatengeneza mlango wa muda: plaiwudi ya 18 juu ya fremu ya 2 kwa 4, bawaba tatu za milimita 100, na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Kufuli la nje lifungwe tu wakati hakuna mtu ndani. Hata chumba cha kulala chenye dirisha moja tu, liache lifunguke kwa ndani. Kazi ya namna hiyo huchukua saa moja zaidi, na hatuifupishi.

Maji na hewa

Plaiwudi hunywa maji kupitia kingo zake, kwa hiyo zipake rangi ya mafuta kabla ya kupandisha. Juu, kunja nailoni nzito iingie nyuma ya ubao kama kipaa. Silikoni haishiki ukuta uliolowa. Ukuta ukiwa mkavu, ziba nayo juu na pembeni, chini pabaki wazi ili maji yaliyopenya yatoke. Kama chumba kina jiko au hita ya gesi, matundu ya hewa yasizibwe kamwe, na kama dirisha lililozibwa ndilo lililokuwa likiingiza hewa, gesi isiwashwe humo.

Baada ya wiki moja kaza upya nati na skrubu, kwa kuwa mbao hukauka na kulegea. Rudia baada ya kila mvua kubwa, na ubao ukianza kuachana tabaka ubadilishwe.

Siku ya kioo kipya, fungua skrubu za chini kwanza na uache mbili za juu mpaka mtu aushike ubao. Kisha mpe fundi ule mfuko wa vipande vya plastiki na mipira. Kioo kikikalia aluminiamu moja kwa moja, bila vipande hivyo chini yake, kinaweza kuanza ufa kwenye kona ya chini joto likibadilika, hata kama fundi amekiweka kwa ustadi.