Mfurufuru ule haukuwa mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niisemee miti ya mifurufuru ya kwetu Kibosho. Majuma matatu yaliyopita vijana waliopewa kazi ya kufyeka kando ya barabara yetu walikata saba, kuanzia kanisani hadi darajani. Nilipowauliza, mmoja alinijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mama. Hii inaumwa, ona majani yake."

Majani yalikuwa ya rangi ya chungwa. Basi, hakuna zaidi. Mfurufuru ndivyo ulivyo. Hata masika haya, mvua inanyesha tangu alfajiri, migomba imenawiri na ukungu umekaa juu ya mapaa, utaona tawini jani moja lenye umbo la moyo limegeuka, linang'aa kama papai lililoiva, na wenzake wote bado wabichi. Ukiligeuza, mgongo wake ni mweupe mweupe. Siku chache baadaye linadondoka lenyewe.

Nilifundisha sayansi shule ya msingi hadi nilipostaafu, na kila mwaka niliwatuma watoto waniletee jani hilo. Jani likizeeka, mti hulinyang'anya chakula kilichobaki, hasa naitrojeni. Klorofili, ile inayolipa ukijani, huvunjika, na rangi iliyokuwa imefichwa chini yake hujitokeza. Ulaya na Marekani siku zikifupika na baridi ikaingia, vichaka na misitu mingi hugeuka kwa pamoja, na watu husafiri kwenda kuitazama. Sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta. Urefu wa mchana karibu haubadiliki mwaka mzima. Ndiyo maana mfurufuru huyaaga majani yake moja moja.

Vijana siwalaumu. Namlaumu aliyewatuma bila kumuuliza hata mzee mmoja wa hapa. Nyuki nao wataukosa ule uliokuwa karibu na mizinga ya jirani yangu, maana maua yake wanayapenda mno. Na ule wa saba ulisimama ukingoni mwa mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, mizizi imekumbatia udongo. Ijumaa mvua kubwa ilinyesha, ukingo ukamong'onyoka, nasi wa bondeni tukashinda na majembe tukizibua tope ili maji yafike vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani.

Visiki vitatu vimeshachipua. Namwomba mkandarasi, akirudi kufyeka, aviache.

Mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi