Mke wangu anakunywa dawa isiyomhusu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni dereva wa lori, miaka 36, njia yangu Dar hadi Tunduma. Ndoa yetu ina mwaka wa tano, mtoto hatujapata. Nikirudi safari nakuta mezani chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndani kuna maji ya mizizi, meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mama ndiye huileta. Mke wangu hubana pua, anameza kikombe kizima, halafu anatafuna muwa kuondoa uchungu. Dada zangu wameshamwita mgumba, ingawa mke wangu alipimwa zamani akaonekana hana tatizo.

Mwezi uliopita nikaenda kupima kimyakimya. Majibu: mbegu za kiume milioni 6 kwa mililita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 umeweka kiwango cha chini milioni 16. Nikamwambia daktari, mbona nguvu za kiume ninazo? Akacheka, akasema hayo ni mambo mawili. Akanipandisha kwenye mizani: kilo 112, na urefu wangu ni mita 1.72 tu. Lori likizidi uzito pale Vigwaza napigwa faini; mimi mwenyewe nimezidisha miaka yote hii, watu wananisifu eti mke ananitunza.

Alivyonieleza, mafuta ya mwilini hugeuza sehemu ya testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni, homoni ya kike, na ubongo ukiipata hiyo kwa wingi hulegeza amri ya kutengeneza mbegu. Tena korodani zinataka ubaridi kidogo kuliko mwili, nami nashinda kitini mapaja yamebanana. Hakuniahidi kwamba nikipungua nitazaa. Alisema tuanzie hapo, nirudi baada ya miezi 3, maana mbegu huchukua siku zaidi ya 70 kutengenezwa. Nilipomtajia sindano za testosteroni ambazo rafiki yangu wa jimu alitaka kunitafutia, alikuwa mkali kweli: ukiingiza ya nje, mwili unaacha kutengeneza mbegu zake.

Basi nimeacha chipsi mayai za usiku wa manane, soda nimeacha. Nyumbani nakula nusu sahani. Sasa mke wangu kanuna, anahisi nimepata mwingine huko njiani anayenipikia. Juzi aliniuliza waziwazi, nikajibu nimeshiba.

Shangazi, nimwambie sasa, au nisubiri kipimo cha pili nikiwa na la kueleza? Naona haya, sikufichi. Na mama nitamwanzaje, yeye aliyeapa kwamba kwenye ukoo wetu hakuna mwanamume aliyekosa mtoto? Nikimwambia mke peke yake, ataendelea kutukanwa huku akinifichia siri.

Nijibu mapema tafadhali. Ijumaa mama analeta chupa nyingine.

Dereva, Mbeya